Jicho la Upepo: Hotuba Kuhusu Dirisha la Wanorwei

(Niliyasema haya tarehe 7 Julai, katika ukumbi wa maktaba ya mji mmoja mdogo magharibi mwa Norwei, mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wazee wangu. Kaka zangu na dada zangu, hamjambo. Nanyi watoto mliojificha nyuma ya zile rafu, najua mnanisikia hata mkijifanya hamsikii.

Walionialika waliniambia: mama, leo ni Siku ya Kiswahili Duniani, tuzungumzie kidogo lugha yetu. Nikaitikia. Usiku nikabadili mawazo. Nitasema nanyi kwa Kiswahili, lakini nilichowaletea ni neno moja la wenyeji wetu. Neno lenyewe liko nyuma yenu. Hebu geukeni. Hapana, si rafu. Pale juu ya rafu, mwanga unapoingilia. Sisi tunaita dirisha. Wenyeji wengine wanaita vindu, wengine vindauge. Leo nataka tulifungue hilo.

Sikulipata darasani. Nilipofika nchi hii kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha madirisha. Ndoo, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa, na kile kipanguo chenye ulimi wa mpira, unachokivuta kutoka juu hadi chini bila kusita. Ukisita katikati kinaacha mstari, na mwenye nyumba akirudi jioni, jua likiwa chini, mstari huo ndio wa kwanza kumpokea. Majira ya baridi tulitia spiriti kwenye maji yasigande kiooni. Asubuhi msimamizi alinipa karatasi ya kazi: nyumba fulani, vindu 14. Nafika, bibi mwenye nyumba ananipokea mlangoni, ananionyesha kwa kidole: anza na vindauge la jikoni. Namaliza, jirani anachungulia juu ya ua, ananiuliza kama nitaweza kumwoshea na yeye glas zake.

Wiki nzima nilidhani ni vitu vitatu. Nikajipangia kwamba vindu ni dirisha, glas ni kioo, na vindauge, basi, itakuwa ni fremu. Nilizisugua fremu za yule bibi kwa bidii mpaka akanionea huruma, akanitengenezea kahawa.

Ni yeye aliyenifungulia neno. Alinishika mkono, akaukunjua, akanipulizia pumzi kiganjani. "Vind," akasema. Upepo. Kisha akagusa chini ya jicho lake kwa kidole chenye unga, maana alikuwa akioka. "Auge." Jicho. Halafu akaelekeza kidole hichohicho kwenye kioo nilichotoka kukiosha, na, naam, akakigusa, akaacha alama ya unga. Vindauge. Jicho la upepo.

Kuhusu glas sina maneno mengi. Ni kioo tu, na lahaja nyingi za huku huliita dirisha kwa jina la kioo chake. Hayo mawili mengine ndiyo yenye hadithi, na kwa kweli ni neno moja lililovaa nguo mbili.

Katika Kinorwei cha kale, lugha ya watu wa zile meli ndefu za Waviking, neno lilikuwa vindauga. Vindr ni upepo, auga ni jicho. Sasa angalieni dirisha la siku hizi hapa Norwei. Vioo vitatu vimepandana, mpira pembeni, komeo la chuma. Hata mluzi wa upepo hausikiki ndani. Kitu kama hicho kitaitwaje jicho la upepo? Ukiuliza hivyo, neno linakujibu lenyewe: mimi nilizaliwa kabla ya kioo.

Nyumba ya zamani ya huku ilikuwa ndefu, kuta nene, na moto ulikokwa katikati ya sakafu. Dohani hakuna. Moshi ulipanda, ukazunguka chini ya paa, ukatafuta pa kutokea, na pa kutokea palikuwa tundu darini. Wanorwei wanaliita ljore, jina lenye undugu na neno lao la mwanga, kwa sababu tundu lililotoa moshi ndilo pia lililoingiza mchana. Kina mama mliopika kwa kuni, wa Kivu, wa Kagera, wa Ngozi, sina haja ya kuwaeleza. Mnajua moshi unavyokaa kwenye boriti kabla haujaamua kuondoka. Mvua au theluji ikianza, tundu lilifunikwa kwa fremu ya mbao iliyowambwa utando wa tumbo la mnyama, kama ngoma inavyowambwa, na fremu ile ilisukumwa kwa mti mrefu mtu akiwa chini. Utando unapitisha mwanga kidogo, wa manjano. Kuona nje, huoni kitu. Bonde la Setesdal, kusini, liliendelea na nyumba za namna hiyo muda mrefu kuliko sehemu nyingi, na baadhi ya majengo ya bonde hilo yamehamishiwa makumbusho ya Norsk Folkemuseum kule Bygdøy, Oslo. Mkienda likizo na watoto, ingieni, simameni kwenye meko, tazameni juu.

Mimi lakini jicho lenyewe nililiona kwingine, kwenye kanisa la mbao la Borgund, huku kwetu magharibi, ndani ya bonde la Lærdal. Limesimama tangu karne ya 12. Nje ni mapaa juu ya mapaa, na vichwa vya majoka kwenye ncha. Ndani ni giza. Nilisimama nikingoja macho yazoee, nikaanza kuona juu kabisa ukutani, chini ya paa, vitundu vya duara, kimoja hapa, kingine pale, kila kimoja kina mwanga wake mdogo mweupe. Havikumwonyesha mtu mandhari. Viko juu mno. Mwanga unapita, hewa inapita, basi. Nikasema moyoni: leo nimetazamwa.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawapunguzia utamu. Siku hizi kwenye simu zetu huzunguka vipicha vyenye maneno: "Je, wajua Waviking waliliita dirisha jicho la upepo?" na nyuma pana bahari na machweo. Watu wanavuta pumzi, eti hawa watu walikuwa washairi. Taratibu. Auge kwa Kinorwei si la usoni peke yake. Tundu la sindano wanaliita jicho la sindano, nålauge. Tundu la shoka, pale mpini unapopita, nalo ni jicho. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba seremala wa zamani aliposema vindauga hakuwa na ushairi wowote kichwani. Alikuwa anasema: toboa tundu la upepo hapa, tusife kwa moshi. Sisi wenyewe chemchemi tunaiita jicho la maji, na hakuna anayesimama kisimani kuwaza kope.

Hata hivyo siwezi kulifunga shauri hapo, kwa sababu majirani wa lugha hiyo wananizuia. Wagothi, jamaa wa mbali wa Wanorwei kwa lugha, walitafsiriwa Biblia katika karne ya 4 na askofu wao Wulfila. Mnakikumbuka kisa cha Mtume Paulo kuteremshwa kwa kapu ukutani kule Dameski, kwenye Wakorintho wa Pili, sura ya 11. Biblia yetu inasema dirisha. Wulfila aliandika augadauro: mlango wa jicho. Hapo hakuna sindano wala shoka. Waingereza wa kale nao walikuwa na eagthyrel, tundu la jicho. Warusi wanaita dirisha okno, na neno lao la zamani la jicho ni oko. Huko India, kwa Kisanskriti, dirisha la duara la hekaluni ni gavaksha, jicho la ng'ombe dume. Watu hawa wote hawakukaa kikao. Mimi nadhani ukitoboa ukuta wa nyumba yenye giza, ukatoka nje ukageuka, nyumba inakutazama, utake usitake. Seremala alitaka tundu, akapata uso.

Tuje kwenye zile nguo mbili. Kwa nini yule bibi anasema vindauge, na karatasi ya msimamizi imeandikwa vindu, nao wote ni Wanorwei?

Sikilizeni jinsi wenyeji wanavyotamka. Mkazo wanauweka mwanzoni: VIND-auge. Mwanzo unapigwa nyundo, mwisho unabaki kama mtoto aliyekaa nyuma ya baiskeli, anashikilia tu. Karne zikipita, mtoto anateleza. Kule Denmark vindauga lilisagika likawa vindue. Jicho limeliwa, imebaki kope. Mdenmark wa leo analiita jicho øje, na akisema vindue hasikii jicho lolote humo ndani. Sasa Norwei ilikaa pamoja na Denmark chini ya ufalme mmoja tangu 1380 hadi 1814, na maandishi yakawa ya Kidenmark. Hati, mahubiri, vitabu vya shule, vyote. Kwa njia hiyo vindue liliingia mjini, likapunguzwa tena likawa vindu, na ndilo lililo kwenye bokmål, yale maandishi ya Kinorwei ambayo wengi wanayatumia.

Vijijini watu hawakuwa wamepoteza jicho lao. Likabaki kinywani tu, bila kuandikwa, mpaka alipotokea Ivar Aasen, mtoto wa mkulima kutoka Ørsta, aliyezaliwa 1813. Huyu kwa sehemu kubwa alijisomesha mwenyewe. Tangu 1842 alizunguka nchi miaka kadhaa, bonde kwa bonde, akiwasikiliza wakulima na wavuvi na kuandika wanavyosema. Sarufi yake ikatoka 1848, kamusi 1850. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa namna ya pili ya kuandika Kinorwei, ambayo leo inaitwa nynorsk, na mwaka 1885 bunge likaamua namna zote mbili ziwe na hadhi sawa. Ndiyo maana watoto wetu hapa magharibi wanaandikishwa nynorsk, na ndiyo maana kwenye kitabu cha mwanangu dirisha bado lina jicho. Wako wenyeji wanaolalamika kwamba kuandika lugha kwa namna mbili ni gharama na usumbufu. Sitaingia ugomvi wa wenye nyumba. Ninachosema ni kwamba kuna mtu alitembea kwa miguu akaokota kope na jicho, akavirudisha pamoja.

Kabla hatujawacheka Wadenmark kwa kumeza silabi, tujitazame. Mwana wangu tumeifanya mwanangu. Baba yako, babako. Mwenye enzi tukamwita Mwenyezi, na nina hakika humu ukumbini wapo waliosali jina hilo miaka 40 bila kusikia enzi ndani yake. Binadamu ni bin Adamu, mwana wa Adamu, neno la Kiarabu lililoshonwa mpaka mshono hauonekani. Ila sisi mkazo tunauweka karibu na mwisho, kwa hiyo mara nyingi mkia wa neno unasalimika na kinachomezwa ni pale katikati, kwenye kiungo. Tofauti ni mahali jino linapouma.

Safari za neno hili sizimalizi, nitataja mbili tatu. Wanorwei na Wadenmark walipovamia Uingereza na kuhamia huko, karne ya 9 na ya 10, walikwenda na vindauga mdomoni. Kufikia miaka ya 1200 Waingereza walikuwa wameanza kulitumia, na baadaye tundu lao la jicho likasahaulika kabisa. Kwa hiyo Mwingereza akisema window, anasema jicho la upepo la Mviking, na mtoto wenu anayecheza mchezo wa kompyuta anasema hivyohivyo mara 20 kwa siku. Waayalandi nao walilichukua, kwao ni fuinneog. Cha kuchekesha ni Waswidi, majirani wa mlango kwa mlango. Wao pia walikuwa nalo zamani, wakaliacha, wakachukua fönster, lililofika na Wajerumani, nalo limetoka Kilatini, fenestra. Enyi ndugu zangu wa Kongo mnaoteleza mkasema fenêtre, mko mashua moja na Waswidi.

Mama mmoja pale mbele ananyoosha mkono. Ndiyo dada? Anauliza: na dirisha letu limetoka wapi?

Swali hilo nililingoja, ahsante. Dirisha limetoka Kiajemi. Kule dar ni mlango, na daricha ni mlango mdogo. Kijilango. Limekuja na biashara ya pwani, pamoja na wenzake wengi. Na siyo Waajemi peke yao. Wareno, walioacha kwetu meza na bendera, dirisha kwao ni janela, na asili yake kwa Kilatini ni kijilango vilevile. Jirani zao Wahispania wanasema ventana, limetokana na upepo. Kwa hiyo ukipiga hesabu, ulimwenguni dirisha limetengenezwa kwa vitu vichache: jicho, upepo, mlango mdogo. Wanorwei wamechukua viwili vya kwanza. Sisi tumepata cha tatu, na tena tumekipata kikiwa kimeshafungwa, maana Mswahili hasikii mlango wowote katika dirisha mpaka aambiwe na Mwajemi.

Lakini subirini. Nilikuwa natandika kitanda siku moja, mwanangu anafanya kazi ya shule mezani, ananiuliza: mama, viungo vya kuonea na kusikia kwa Kiswahili vinaitwaje kwa pamoja? Nikamjibu bila kufikiri: milango ya fahamu. Milango mitano ya fahamu. Nikaacha shuka mkononi. Jicho, kwetu, ni mlango. Tumelisema tangu tukiwa shule ya msingi na hatukulisikia. Mnorwei alilitazama tundu la nyumba akasema hili ni jicho. Mswahili alilitazama jicho akasema huu ni mlango wa nyumba. Tumepita njia moja, mmoja anakwenda na mwingine anarudi.

Na hatukuishia mlangoni. Wahenga wetu walisema macho hayana pazia. Pazia linatundikwa wapi? Mzee wangu pale anacheka, ameshafika. Mtu aliyesema macho hayana pazia alikuwa anaona madirisha mawili usoni, na akasikitika kwamba hayakuwekewa kitambaa. Nchi hii methali hiyo mngeipindua, maana hapa hata nyumba nyingi hazina pazia. Desemba, saa tisa unusu alasiri, giza limeshaingia, unapita barabarani unaona familia nzima mezani, taa ya nyota inaning'inia kwenye kioo, na hawajali. Mwanzoni nilikuwa nainamisha kichwa kwa aibu. Niliosha vioo vyao mchana, usiku nikaogopa kuvitazama.

Jambo la upepo nalo bado wanalo, msidhani ni la makumbusho. Wenyeji wengi wanalala dirisha limefunguliwa kidogo hata nje kukiwa na theluji, na mtoto mchanga wanamlaza mchana ndani ya kigari nje ya nyumba, amefunikwa sufu mpaka kidevuni. Nilipoona mara ya kwanza nilitaka kumwita mtu. Mama yake akaniambia ni hewa, hewa ni nzuri. Kwetu dirisha likiwa wazi usiku tunawaza mbu, tena mwizi, ndiyo maana lina nondo na wavu. Kila nyumba na kinachobisha hodi kwake.

Namalizia, naona chai imeletwa. Yule mwanangu, baada ya mazungumzo yetu ya milango ya fahamu, alikwenda akaandika insha fupi kuhusu mwili wa binadamu, kwa nynorsk. Sentensi yake ya kwanza: "Auget er ei dør." Jicho ni mlango. Mwalimu aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Mtoto hakukasirika, alinionyesha tu, akaniuliza afute au aache. Nimemwambia asifute. Shule zikifunguliwa mwezi wa nane nitakwenda kumwona mwalimu, nimefunga daftari lile kwenye mfuko pamoja na kamusi, na nimejifunza sentensi tatu za kuanzia. Ya nne bado inanitatiza: pazia kwa nynorsk ni gardin, hilo ninalo, lakini sijui nitaisemaje methali ile ili isisikike kama malalamiko ya mwosha madirisha. Mwenye wazo tukutane kwenye chai.